Nani Alikuchagulia Akaunti?

Hii ni hotuba niliyowapea wanafunzi wa Bcom, ile digrii ya biashara, hapa Kisumu, wengi wao wa mwaka wa pili. Kuna walioniomba niiweke kwa maandishi kwa sababu spika za ule ukumbi zilikuwa zinakwaruza na wa nyuma walikuwa wanaskia nusu. Nimeiandika karibu vile niliongea, nimetoa tu salamu za wakubwa na ile dakika tulingoja jenereta.

Asante Mwenyekiti wa klabu, asante walimu wetu, na asante nyinyi mlioacha Jumamosi yenu mkakuja kuskiliza mama wa akaunti, mwenye ofisi yake ndogo ya uhasibu. Naona kuna wa Maseno, kuna wa Bondo, na wale wa nyuma wameniambia wametoka Kakamega na matatu ya asubuhi, pole kwa hiyo barabara.

Nimeambiwa niongee juu ya kitu gani kinamfanya mwanafunzi wa chuo achague kazi ya uhasibu. Sasa nitasema ukweli mapema ili tusisumbuane, wengi wenu hapa hamjachagua. Mmepangwa. Ulimaliza fomu foo, ukaingia kwa portal ya KUCCPS, wale wanapanga watu vyuo, ya kwanza ukaweka sheria, ya pili famasia, ya tatu sijui nini, halafu kule chini ukaweka Bcom juu binamu yako alisema hiyo huwa haikosi nafasi, alama zikaja vile zilikuja, na ndio huyo umekaa hapa mbele yangu na tai. (Kicheko.) Si kitu mbaya. Watu wazuri sana kwa hii kazi waliingia hivyo. Lakini mkianza mwaka wa tatu mtaulizwa mnaenda upande gani, akaunti, fainansi, maketingi ama HR, na hapo hakuna portal ya kukupangia, hapo ni wewe na fomu. Kwa hivyo mimi sitaongea sana juu ya chaguo mlilofanya, naongea juu ya lile mtafanya miezi michache ijayo, na nataka tuulizane ni nani mwingine ameshika hiyo kalamu pamoja na wewe.

Tuanze na mzazi, yeye ndiye mkubwa. Nani hapa aliambiwa nyumbani asomee akaunti? Inueni mikono. (Zaidi ya nusu ya ukumbi.) Haya, mnaona? Na mnacheka. Msicheke.

Mzazi wa huku kwetu hajaamka tu siku moja akasema uhasibu. Kuna kitu ameona. Mimi nimezaliwa kwa mashamba ya miwa, upande wa Butere, na babangu hakusoma sana lakini karatasi ya malipo ya miwa aliijua kuliko kitabu kingine chochote. Wale wa Nyando na wale wa Muhoroni mnajua venye hiyo kitu huenda. Miwa inakaa shambani mwaka mmoja na nusu hivi, inakatwa, inabebwa, inapimwa kwa mizani ya kampuni, halafu baada ya kungoja na kungoja unaletewa karatasi. Juu kuna tani zako mara bei ya tani. Chini yake makato, kulima na trekta, mbegu, mbolea, kukata, kubeba, riba. Kuna misimu mzee alikuwa anapata kitu ya maana anaezeka nyumba, na kuna misimu karatasi inakuja imesema ati yeye ndiye anadaiwa. Miwa imeenda, shamba liko wazi, na bado ana deni. Sasa kijijini kwetu kulikuwa na mtu mmoja tu angeweza kukaa na wazee na kuwaambia hii laini hapa umekatwa mara mbili, hii mbolea wewe hukuchukua magunia matano ulichukua manne, nenda na hii risiti ofisini uwaulize. Huyo mtu alikuwa karani wa zamani wa akaunti. Alikuwa na baiskeli na kalamu ya bluu na nyekundu, basi. Wazee walikuwa wanamtafuta kabla ya chifu. Sasa baba akitoka hapo amerudishiwa pesa zake za gunia moja la mbolea, unafikiri usiku huo atamwambia msichana wake asomee nini?

Na si miwa pekee. Angalia matanga. Mtu akifariki huku kwetu kamati inaundwa usiku ule ule, bajeti inaandikwa, jeneza, mochari, tenti, ng'ombe, mafuta ya gari. Mwenyekiti anaweza kuwa mtu yeyote mwenye sauti. Ikifika kwa mweka hazina watu huangaliana kwanza, kimya kidogo, halafu jina lile lile la kila siku linatajwa. Wewe mtoto uko hapo unabeba viti, unaskia. Hata daftari ya michango ya chama ya mamako, mbona inakaa kwa mtu mmoja miaka yote? Hiyo ndiyo ushauri wa kazi ya kwanza sisi hupata, kitambo kabla ya mwalimu wa shule kukuita ofisini akuulize unataka kuwa nani.

Kwa hivyo wale wanaandika utafiti wakisema wazazi wa Kiafrika wanalazimisha watoto, mimi nakubali nusu. Ile nusu nakubali ni hii, mzazi anaona mwisho wa barabara, haoni barabara. Anakwambia ni kazi ya kivuli, utakaa kwa kiti, mvua haitakunyeshea. Hajui tarehe 9 ya kila mwezi, makato ya mishahara, PAYE na NSSF na SHIF na ile ya nyumba, zote zinangoja. Hajui tarehe 20 VAT. Hajui tarehe 30 Juni, ile siku Kenya nzima inakumbuka kufaili ritani za kodi saa nne usiku. Na hajui mitihani ya uhasibu ya KASNEB inakaaje kwa mwili wa mtu. Hiyo yote anakuachia wewe.

Mhasibu wa pili uliyemwona maishani ni basa wa shule. Unaishi bodingi, umetumwa nyumbani fees, umerudi na nusu, unaenda kusimama kwa lile dirisha lenye nondo, na kule ndani kuna mtu ana kitabu cha risiti na uso haucheki. Sasa hapo wanafunzi hugawanyika. Kuna wale waliapa hawatawahi kuwa kama huyo mtu. Kuna wale wachache waliangalia ile dirisha wakaona hapa ndipo shule yote inaendeshwa, prinsipo mwenyewe akija hapa anabisha. (Kicheko.) Nimeuliza vijana wengi wanaokuja kwangu atachmenti, basa hutajwa mara nyingi kuliko mwalimu wa Business Studies. Na nafikiri hiyo ina sababu, zamani akaunti ilikuwa somo lake peke yake sekondari, baadaye ikaunganishwa na komasi na ekonomiks ikawa Business Studies, kwa hivyo mwanafunzi anafika chuo ameonja uhasibu kidogo tu, kijiko kimoja, halafu anaulizwa anaupenda.

Pesa sasa. Nitapita haraka hapa juu mnaijua. Kila mtu akiulizwa husema mshahara mzuri. Mshahara wa kuanza kwa ofisi ndogo ya Kisumu ama Nakuru hautakutajirisha, na nasema hivyo nikijua ni mimi ninaulipa. Kile kinavuta watu kwa kweli naona si ukubwa wa mshahara, ni vile kila mahali panahitajika mtu wa vitabu. Sacco inamtaka, hospitali inamtaka, shule, kanisa, shirika, duka la hadwea, kiwanda cha sukari, shamba la maua kule Naivasha. Mtu wa kazi nyingine akifutwa anahama mji, mtu wa akaunti anavuka barabara. Hiyo mzazi anaijua na wewe unaijua.

Halafu kuna 2013. Wengi wenu mlikuwa nasari ama darasa la kwanza hivi, kwa hivyo hamkumbuki. Kabla ya hapo, kazi nzuri ya uhasibu serikalini ulikuwa unaitafutia Nairobi. Katiba ya 2010 ikaja na kaunti 47, sheria ya fedha za umma ya 2012 ikasema kila kaunti iwe na hazina yake, na baada ya uchaguzi wa 2013 ghafla unaona watu wa bajeti na maodita wa ndani wanaajiriwa Siaya, Homa Bay, Vihiga, Bungoma. Mtu anafanya kazi na jioni analala kwake. Majirani wakaona gari. Hiyo peke yake ilijaza madarasa ya akaunti huku kwetu kuliko maonyesho yoyote ya kozi. Lakini nawaambia kama dada yenu mkubwa, hizo nafasi nyingi zimejaa, na zile hazijajaa zingine zina wenyewe. (Makofi na vigelegele vya wale wa nyuma.) Sasa kama unachagua akaunti kwa sababu ya kaunti, unakimbilia basi lililotoka stendi.

Mlango ambao uko wazi saa hizi ni mdogo na hauna sifa. Tangu KRA, watu wa kodi, walete eTIMS, ule mtambo wa invoisi za kielektroniki, 2023, na tangu Januari 2024 waseme gharama isiyo na invoisi ya eTIMS haikubaliwi kwa hesabu ya kodi, wenye biashara wa Kibuye na Kondele wamekuja kwa ofisi zetu wakishika kichwa. Mtu ana hadwea, ananunua kwa watu hawana invoisi, mwisho wa mwaka kodi inahesabiwa kama vile hakununua chochote. Huyo mtu hahitaji kampuni kubwa ya Nairobi. Anahitaji kijana anajua kazi, anafika kwa duka, anaongea Kiswahili na Kijaluo, na hasemi maneno makubwa. Na wengine wenu mmeanza tayari bila kujiita wahasibu, najua hapa kuna watu huwafailia majirani ritani ya sufuri kwa saiba kila Juni. Si mnajificha? (Kicheko.)

Kuna hii ya cheo, nayo tusidanganyane iko. Kenya mtu huweka CPA, yaani mhasibu wa umma aliyehitimu, mbele ya jina vile wengine huweka Injinia na Daktari. Angalia mabango ya kampeni, angalia kadi za harusi, angalia hata programu ya mazishi, marehemu amepumzika lakini CPA imebaki mbele ya jina. Hiyo heshima inavuta. Lakini wengi wanaoitaka hawajui inatoka wapi, nikawauliza hapa kabla hatujaanza mkaniambia KASNEB ndio wanakupatia. Hapana. KASNEB, ambao wako tangu 1969, kazi yao ni mtihani. Wanaoandikisha wahasibu ni ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, wako tangu 1978, na sheria iko wazi, Sheria ya Wahasibu ya 2008, hujajiandikisha huwezi kujiita CPA hata kama umepita kila paper na una cheti umekitundika sebuleni. Na ukiandikishwa kuna ada ya kila mwaka na kuna masaa ya mafunzo lazima utimize, na ukifanya upuzi kuna kamati ya nidhamu. Yaani ni cheo kinachoweza kuchukuliwa.

Wasichana, hii ni yenu. Mimi nikiwa rika lenu picha ya mhasibu mkubwa ilikuwa mzee wa suti. Leo Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ni Nancy Gathungu, tangu 2020, na Msimamizi wa Bajeti ni Margaret Nyakang'o, tangu 2019, na wote wawili ni wahasibu kwa mtihani si kwa mdomo. Ukimwona Nyakang'o amekaa mbele ya kamati ya bunge anaulizwa kwa ukali na anajibu na karatasi yake polepole, kuna msichana Nyamira anaangalia hiyo kwa simu. Nimempata mmoja hivyo, alikuja intavyu ya atachmenti nikamuuliza kwa nini akaunti, akanitajia hiyo video, hakutaja mshahara hata kidogo. Nilimchukua.

Na nyinyi wote mna kitu sisi hatukuwa nacho, mna 2024. Ile Juni vijana walikaa na Mswada wa Fedha wakausoma kifungu kwa kifungu, VAT ya asilimia 16 kwa mkate, kodi ya asilimia 2.5 kwa gari, wakaeleza TikTok kwa Kijaluo, kwa Kiluhya, kwa Sheng, watu ambao miaka yote walikuwa wanaona hayo ni mambo ya wakubwa. Wengine waliingia barabarani kuandamana tarehe 25 na hawakurudi nyumbani, na tuwakumbuke. Kesho yake rais akasema hatatia sahihi. Mimi baada ya hapo nimeona tofauti kwa wanafunzi wanaokuja ofisini, wanauliza maswali ya kodi ambayo zamani ungeyaskia tu kwa mtu amefika mitihani ya mwisho. Wameona hesabu ikiwa na meno. Sijui kama mzazi yeyote angeweza kuwafanyia hiyo.

Sasa nifike kwa kile mimi naona ndicho kikubwa kuliko hivi vyote, na kinaongelewa kidogo. Ni ile kozi ya kwanza ya akaunti, mwaka wa kwanza, na mwalimu aliyekufundisha. Hapo ndipo watu hupotea na hapo ndipo watu hupatikana. Hebu tufanye kitu. Umefunga vitabu, debiti upande huu, krediti upande ule, jumla zake lazima zilingane lakini zimekataa, tofauti ni shilingi 27. Unafanya nini? (Mmoja: "Unarudia yote." Mwingine: "Unaweka sundries." Kicheko kikubwa.) Wewe wa sundries, wa kuficha tofauti kwa laini ya mengineyo, nimekuona, nitakuepuka. Skizeni. Chukua 27 ugawanye na 9. Inaingia mara tatu, hakuna kinachobaki. Tofauti ikigawanyika na 9 sawasawa, kitu ya kwanza ya kushuku ni kwamba kuna mtu amegeuza tarakimu, alitaka kuandika 85 akaandika 58. Piga, 85 toa 58, unapata ngapi? (Ukumbi: "Ishirini na saba!") Sasa hurudii kitabu kizima, unatafuta namba mbili zilizokaa pamoja zimebadilishana viti. Na kama tofauti inagawanyika na mbili, angalia kama kuna nusu yake imewekwa upande usio wake, mtu alitakiwa kudebiti akakrediti.

Nilikuwa nawaangalia nikisema hivyo. Kuna wale waliendelea na simu, hakuna shida. Kuna wale waliinama mbele, kuna msichana hapa ametoa kalamu akaandika kwa kiganja. Hao walioinama mbele, hao ndio wanachagua sasa hivi na hakuna mtu amewaambia. Ile raha ya kitu kuwa kimepotea halafu ukakipata, na kukipata kwako kukathibitishwa na pande mbili kukutana, hiyo haina mzazi wala mshahara ndani yake. Na mnaona hesabu yenyewe ni ya darasa la nne. Watu wanaogopa akaunti wakifikiri ni kalkulas. Ni kujumlisha, kutoa, kugawanya, na kutolala mpaka ujue kwa nini.

Kuna msomi anaitwa Icek Ajzen, si mtu wa uhasibu, ni wa saikolojia, lakini watu wanaotafiti mambo haya ya kuchagua kazi humtumia sana. Yeye 1991 alisema mtu akiamua kufanya jambo kuna vitu vitatu vinamsukuma, wewe mwenyewe unalionaje, watu wako wanataka ulifanye ama wasitake, na unajiona unaliweza ama huliwezi. Nikiangalia vijana wa huku kwetu, ile ya pili tunayo mpaka inamwagika. Ile ya kwanza hatujaipata juu hatujaona kazi yenyewe. Na ya tatu inategemea huyo mwalimu wa mwaka wa kwanza, akiwa mtu wa kuwatisha na kuwaambia nusu yenu mtafeli, amekuchagulia tayari.

Marekani wana shida iko kinyume na yetu. Kule wanafunzi wameanza kukimbia uhasibu. Wanasema masaa ni mengi, mshahara wa kuanza unashindwa na wa benki na wa teknolojia, na pia kwa miaka mingi majimbo yao yalidai mtu awe na saa 150 za masomo ya chuo, saa hapa ni krediti za kozi, ndio apewe leseni ya CPA, yaani karibu mwaka mzima zaidi ya digrii ya kawaida, ada juu ya ada. Sasa majimbo yameanza kulegeza, Ohio walibadilisha sheria mapema 2025. Huku kwetu hatukosi watu wa kuingia. Tunawapoteza katikati. Mtu anaanza CPA, anapita ngazi ya kwanza, anaoa, anapata kazi ya benki, ile ya juu inabaki hapo inamwangalia. Na nikiwauliza wale waliofika mwisho kitu gani kiliwafikisha, hakuna ameniambia ni kwa sababu baba alitaka.

Kitu cha mwisho kabla ya maswali. Mnaskia kashfa. Mumias, ile ya sukari, ilikuwa kampuni imeorodheshwa kwa soko la hisa tangu 2001, wakulima wetu na walimu wetu walikuwa na hisa humo, ikawekwa chini ya meneja mrasimu, yule huwekwa kampuni ikishindwa na deni, 2019. Juzi ni KUSCCO, mwavuli wa sacco, ukaguzi maalum ukaonyesha zaidi ya shilingi bilioni 13 hazieleweki, na hizo ni pesa za memba. Kuna kijana atasoma hiyo aseme uhasibu ni kazi ya wezi siingii. Kuna mwingine atasoma aseme hapo natakikana. Na kuna wa tatu, mnamjua, atasema eh kumbe kuna pesa huko. Wote watatu wako kwa huu ukumbi. Mimi siwezi kuwachagua kwa macho, lakini nikikupa petty cash ya ofisi wiki moja naona.

Maswali.

Kijana mmoja aliuliza kama programu hizi za akili bandia hazitamaliza kazi kabla hajagradueti. Nilimwambia kazi ya kuandika miamala kitabuni inaisha, tena iache iishe, hakuna mtu alizaliwa kunakili stetimenti ya M-Pesa kwa leja. Mteja wangu mmoja wa samaki anatuma stetimenti, programu inapanga ndani ya dakika chache. Lakini programu imepanga shule ya mtoto wake kama gharama ya biashara, na haikushtuka. Mtu wa kushtuka bado anahitajika. KASNEB wenyewe kwa mtaala wa 2021 wameweka paper ya data kule ngazi ya juu, unaifanya kwa kompyuta, kwa hivyo ukiogopa mashine utapatana nayo tu mbele.

Msichana mmoja akasimama akasema, Madam, mimi baba anataka akaunti na mimi nataka maketingi, na yeye ndiye analipa. Ukumbi ukanyamaza. Nikamwambia usibishane na mzee ukiwa mikono mitupu. Likizo ndefu nenda ukae kwa ofisi ya akaunti, sacco yoyote, hata kwa basa wa shule yako ya zamani, omba tu, bila malipo, halafu nyingine ukae na watu wa mauzo. Ukirudi nyumbani utakuwa na kitu cha kumwambia, baba nimefanya, hii niliiweza hii nilikuwa naangalia saa. Wazee wetu wanaheshimu mtu ametoka shambani, hawaheshimu mtu ameota. Na pia inawezekana ukakuta baba alikuwa amekusoma vizuri kuliko vile unafikiria, hiyo nayo uwe tayari.

Wa mwisho akauliza kama aanze CPA sasa ama angoje amalize digrii. Anza sasa, ile ngazi ya kwanza angalau, juu mnayosoma darasani saa hizi na ile mitihani ni maji ya mto mmoja. Mitihani iko Aprili, Agosti na Desemba, chagua ile haigongani na ya chuo. Ukingoja ugradueti kuna paper utasamehewa kwa sababu ya digrii, ni kweli, lakini kusamehewa nako kunalipiwa kwa kila paper, si bure vile watu husema, kwa hivyo kaa chini upige bei ya kufanya na bei ya kusamehewa kabla hujaamua. Na wale mnataka kuja kuona kazi Desemba, ofisi yangu ni ndogo nachukua wawili tu, andikisheni majina kwa Mwenyekiti wa klabu, na mje na nguo za kukaa chini juu mafaili ya wateja wangu hayatoshi mezani.